Safari ya Himalaya na Neno "Sijambo"

Mabibi na mabwana, nanyi wanafunzi mnaosikiliza, hamjambo?

Bila shaka mmejibu, "Hatujambo." Mwenye homa amejibu hivyo, na yule ambaye jana hakupata usingizi kwa maumivu ya jino amejibu hivyo hivyo. Ndiyo adabu yetu. Hata mgonjwa aliyelala kitandani, akiulizwa hali, hujibu kwanza kwamba hajambo, kisha ndipo huongeza, "ila kichwa, na mbavu, na miguu." Ni adabu njema, wala siwaambii muiache. Walakini leo nataka kuwasimulia safari niliyoifanya katika milima ya Himalaya, mwezi wa Oktoba mwaka wa 2018, ambako neno hilo dogo, "sijambo", lilikaribia kuniua.

Kwanza yafaa mjue mahali penyewe. Himalaya ni safu ya milima iliyo kaskazini ya Bara Hindi, nayo yaenea mwendo wa maili 1,500 hivi. Katika safu hiyo imo nchi ya Nepali, na mpakani mwa Nepali na Tibeti umesimama mlima Everest, ulio mrefu kuliko yote duniani. Kimo chake, kama kilivyotangazwa na serikali za Nepali na China mwaka wa 2020, ni mita 8,848 na sentimita 86, yaani futi 29,000 na zaidi kidogo. Watu wa Nepali huuita Sagarmatha, na Masherpa, wenyeji wa mabonde yaliyo chini yake, huuita Chomolungma. Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Msherpa, walifika kileleni tarehe 29 Mei 1953, nao ndio wa kwanza ambao twajua kwa hakika kwamba walifika na kurudi.

Sisi hatukuwa na nia ya kuupanda mlima huo. Nia yetu ilikuwa kwenda kwa miguu hata chini yake tu, mahali ambapo wapandaji hupiga hema zao, futi 17,600 juu ya bahari. Ni safari ya siku nane kwenda, na siku tatu au nne kurudi. Tulikuwa watatu: mimi, na walimu wawili Waingereza waliofundisha zamani pamoja nami katika chuo chetu cha ualimu. Wao ndio walionialika, tena walinisaidia nauli.

Hapa sina budi kuungama jambo moja. Mimi nimezaliwa chini ya Kilimanjaro. Nilipokuwa kijana nilichukua mizigo ya wageni mlimani wakati wa likizo ili nipate karo, na mara moja nilifika kileleni, futi 19,340. Basi niliposikia kwamba mwisho wa safari yetu u chini ya kilele cha Kilimanjaro kwa futi 1,700, nilisema moyoni, "Hili si jambo la kumtisha mtoto wa mlimani." Yakumbukeni maneno hayo.

Kutoka Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, tulichukuliwa na ndege ndogo hata Lukla, kijiji kilicho kwenye ubavu wa mlima, kadiri ya futi 9,400. Kiwanja cha ndege cha Lukla kilijengwa mwaka wa 1964. Njia yake haipati futi 1,800 kwa urefu, nayo imelala mteremko. Ndege ikitua hupanda kilima ili ipunguze mbio zake, na mbele yake umesimama ukuta wa mlima; ikiondoka huteremka hata ukingo wa bonde, ikaruka. Kutoka hapo hapana gari. Mchele, mafuta ya taa, mabati, vioo vya madirisha na vitabu vya shule, karibu vyote huenda mgongoni mwa mnyama au mgongoni mwa mtu.

Kiongozi wetu alikuwa Msherpa wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye maneno machache. Tulimwita Dai, maana yake kwa lugha ya Nepali ni kaka. Alikuwa na msaidizi wake, na wapagazi wawili. Mimi niliyekuwa mpagazi zamani niliwatazama kwa makini. Kwetu mzigo huwekwa kichwani au mabegani. Wao hutia mzigo katika tenga kubwa liitwalo doko, wakalifunga mshipi mpana unaopita juu ya paji la uso, kama wafanyavyo akina mama wa Kikuyu wachukuapo kuni. Mkononi hushika fimbo fupi yenye kichwa kipana. Wakichoka, huisimamisha nyuma, wakalituza tenga juu yake bila kulishusha chini. Wapagazi wa wageni huchukua kilo 30 hivi, na wale wachukuao bidhaa za maduka huzidi hapo.

Siku ya kwanza na ya pili tuliufuata mto Dudh Kosi, yaani Mto wa Maziwa, kwani maji yake ni meupe kwa vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu. Tuliuvuka mara nyingi juu ya madaraja ya kamba za chuma, yanayoning'inia na kutikisika. Njiani mna kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala za dini ya Buddha, na desturi ya wenyeji ni kuzipita ukiziacha mkono wa kulia. Jioni ya pili, baada ya kupanda mlima mkali saa nzima na zaidi, tulifika Namche, mji mkuu wa Masherpa, futi 11,300, ulioinama bondeni kama nusu ya bakuli.

Pale Namche, Dai alitukusanya, akasema, "Kesho hatusafiri. Tutapanda juu kidogo, kisha tutarudi kulala hapa hapa. Na tangu leo, kila asubuhi na kila jioni, nitawauliza habari za vichwa vyenu, na matumbo yenu, na usingizi wenu. Msinijibu kwa adabu. Nijibuni kweli."

Wanafunzi, pengine mwauliza sababu ya kukawia hivyo. Fikirini ghala iliyojaa magunia ya sufi, moja juu ya jingine. Gunia la chini limegandamizwa na yote yaliyo juu yake, hata sufi yake imeshikana sana. Gunia la juu halikugandamizwa na kitu, na ukishika konzi moja utapata sufi kidogo. Ndivyo ilivyo hewa. Watu wa pwani wakaa chini ya ghala, na kila wavutapo pumzi hupata hewa nzito. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa izidivyo kuwa nyepesi, na karibu na futi 18,000 ni nusu tu ya ile ya pwani. Pumzi moja ya huko ni nusu ya pumzi ya hapa.

Mwili ukipewa siku zake, hujitengeneza. Mtu huvuta pumzi nyingi zaidi, moyo huongeza mapigo, na damu huzidisha chembe nyekundu zichukuazo hewa. Lakini kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Mtu akiharakisha, maji huvuja kutoka katika mishipa midogo, yakaingia ubongoni au mapafuni. Ubongo ukivimba, mtu huumwa kichwa, hutapika, huyumba kama mlevi, husema yasiyo na maana, mwishowe huzimia akafa. Mapafu yakiingia maji, hukohoa na kutweta hata akiwa amekaa kitako. Wala maradhi haya hayachagui. Kijana mwenye nguvu hupatwa, na mzee aliye pamoja naye akasalimika. Na mtu aliyepanda salama mwaka jana aweza kupatwa mwaka huu.

Kwa hiyo waganga hushauri hivi. Ukipita futi 10,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya futi 1,600 hivi. Kila baada ya siku tatu au nne, pumzika kutwa. Ukiumwa kichwa, usipande tena hata kipone. Ukizidi kuumwa, shuka, hata ikiwa ni usiku. Ziko dawa zinazosaidia, bali dawa iliyo kuu ni kushuka.

Kesho yake tulipanda hata kijiji cha Khumjung. Huko niliona shule ambayo Hillary aliwajengea Masherpa mwaka wa 1961, kwani walipoulizwa wanataka nini, walitaka shule. Ilianza ikiwa ndogo. Sasa ni majengo mengi, na watoto walikuwa wakicheza mpira uwanjani mahali ambapo mimi nilitweta kwa kutembea tu.

Siku ya nne tulilala Tengboche, penye nyumba kubwa ya watawa. Iliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka wa 1934, ikateketea kwa moto mwaka wa 1989, na mara zote mbili ilijengwa tena. Kutoka hapo nilimwona Everest, kilele cheusi kikichungulia nyuma ya ukuta wa milima mingine, na upepo ukipeperusha theluji yake kama moshi. Siku ya tano tuliipita miti ya mwisho tukafika Dingboche, futi 14,500, mahali pa mashamba madogo ya viazi ulaya na shayiri yenye kuta za mawe. Huko hapana kuni. Nyumba hupashwa moto kwa samadi kavu ya yaki, mnyama wa jamaa ya ng'ombe, mwenye manyoya marefu yanayokaribia kufagia chini.

Usiku huo kichwa kilianza kuniuma, hapa juu ya macho. Siku ya sita ilikuwa ya kupumzika, nacho hakikupoa. Asubuhi ya siku ya saba chakula kilinichukiza, hata wali na dengu ambao tangu mwanzo niliula kwa furaha. Dai akaja, akaniuliza, "Mwalimu, kichwa?"

Nikajibu, "Sijambo kabisa, kaka."

Akanitazama. Akauliza tena, nami nikajibu vile vile, tena kwa kicheko. Kwa nini? Nitawaambieni bila kujificha. Wenzangu wawili, wanizidio umri, walikuwa wazima, nami nilikuwa nimewasimulia habari za Kilimanjaro njia nzima. Niliona haya. Nilijua sheria, zamani nilimwona kwa macho yangu mgeni akiteremshwa kwa machela kwa kosa lile lile. Walakini kujua si dawa, kama ulimi hautaki kusema.

Tukapanda. Saa sita mchana tulifika juu ya Thukla, mahali penye mawe mengi ya ukumbusho wa waliokufa juu ya Everest na milima ya jirani. Mmoja wao ni Babu Chiri Sherpa. Mwaka wa 1999 mtu huyo alikaa kileleni mwa Everest saa 21 bila hewa ya chupa, na mwaka wa 2001 akatumbukia katika ufa wa barafu akafa. Wenzangu walisoma majina. Mimi sikuweza kusoma, kwani herufi zilikuwa zikicheza. Nikasema kwamba ni jua.

Alasiri tulifika Lobuche, futi 16,200. Hapo maji huchemka upesi, bali moto wake hautoshi kuivisha maharage, na wapishi hutumia sufuria zifungwazo ili mvuke usitoke. Nililetewa mchuzi, nikautapika. Nilitaka kufungua kamba za viatu, vidole vikakataa, nami nikakaa nikizitazama kamba kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine.

Dai aliingia akiwa na kurunzi. Safari hii hakuniuliza neno. Aliniambia nisimame, akanionyesha mstari mahali mbao mbili za sakafu zikutanapo, akasema, "Tembea juu ya mstari huu, kisigino mbele ya kidole." Nilipiga hatua mbili, kwa hatua ya tatu niliangukia ukutani.

Akasema, "Twashuka sasa."

Nikamwambia, "Kaka, ni usiku, tena baridi. Tungoje asubuhi."

Akajibu, "Wengi waliongoja asubuhi, wasiione."

Yapata saa tatu ya usiku tukatoka: Dai, mpagazi mmoja, na mimi. Msaidizi alibaki na wenzangu. Dai alinifunga kamba kiunoni, akaishika nyuma yangu. Penye mawe makubwa yule mpagazi alinichukua mgongoni, mshipi ukipita juu ya paji la uso wake, kama achukuavyo tenga. Mimi, mtoto wa mlimani, nilikuwa mzigo. Tulipopita tena kati ya yale mawe ya ukumbusho, mwanga wa kurunzi uliyapiga moja baada ya moja, na hata katika kichwa kile kilichochafuka nilifahamu jambo moja: wale walikufa wakitafuta kilele, na mimi nilikuwa nikifa kwa kuogopa kuchekwa.

Saa saba ya usiku tulifika Pheriche, futi 14,000 na zaidi. Hapo pana zahanati ndogo ya chama kiwaokoacho wasafiri wa Himalaya. Chama hicho na zahanati hiyo vilianza mwaka wa 1973, na madaktari hukaa hapo katika miezi ya wasafiri. Nilipewa hewa ya chupa na dawa. Alfajiri kichwa kilipoa, na nilipotazama kamba za viatu vyangu, vidole vilijua la kufanya. Daktari aliniambia kwamba kama ningekaa juu hata asubuhi, huenda asingekuwa na la kufanya.

Mchana wa siku ile aliletwa mgonjwa mwingine, mpagazi wa kundi la watu wengine, kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Hakuwa Msherpa. Wengi hudhani kwamba wapagazi wote wa Himalaya ni Masherpa, na kwamba hewa nyembamba haiwadhuru. Sivyo. Wengi hutoka mabonde ya chini, penye mashamba ya mpunga, nao hawakuizoea hewa ile kuliko mimi. Kijana huyu alikuwa ameumwa siku mbili, na kila alipoulizwa alijibu kwamba yu mzima. Dai alimwuliza sababu, kisha akanifasiria jibu lake: kama angalisema, mzigo angalipewa mtu mwingine, na ujira wa siku zilizobaki ungalikwenda na mzigo.

Namshukuru Mungu, kijana yule alipona. Lakini nililala nikifikiri habari zake. Mimi nilificha kwa haya, yeye alificha kwa haja. Kosa langu lilikuwa langu mwenyewe. Lake lilikuwa la nani? Aliulizwa, ni kweli. Bali aliulizwa na watu ambao kwao jibu la kweli lingalimnyima chakula. Mwaka wa 1997 kiliundwa chama cha kuwatetea wapagazi wa milimani, nacho kilisisitiza kwamba mpagazi akiugua atunzwe kama mgeni atunzwavyo, wala asiteremshwe peke yake. Juu ya Kilimanjaro nako sheria ya hifadhi yasema mpagazi asichukue zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Hizo ni sheria njema. Walakini hakuna mizani iwezayo kupima kichwa kinachouma. Hicho hujulikana kwa ulimi wa mwenyewe, ikiwa ulimi huo hauogopi.

Wenzangu walifika mwisho wa safari, wakarudi salama. Mimi sikufika. Niliwangoja Pheriche, tukashuka pamoja hata Lukla, na njia nzima Dai hakunilaumu hata neno moja. Kila asubuhi aliniuliza tu, "Mwalimu, kichwa?" Nami nilimweleza kila kitu, hata malengelenge ya kidole kidogo, naye akacheka.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Nimelifundisha fumbo hilo darasani miaka mingi, nikaeleza maana yake ubaoni; kumbe sikuwa nimelijua. Sasa nimeongeza jambo dogo katika desturi za darasa langu. Nikiisha kuwasalimu wanafunzi, nao wakaitikia "Hatujambo", huwaambia, "Hiyo ni adabu. Mwenye kweli aje kwangu baada ya kipindi, wala hatapoteza kitu." Miezi kadhaa hakuja mtu. Kisha siku moja alikuja kijana mmoja, mwenye bidii, ambaye nilidhani ni mzembe wa kunakili. Aliniambia kwamba haoni ubaoni tangu mwaka uliopita, naye alificha kwa hofu ya kwamba akijulikana ataondolewa chuoni. Alipatiwa miwani. Leo ni mwalimu.

Basi ninyi mlio wazazi, na walimu, na wasimamizi wa kazi, kuuliza hali hakutoshi. Mwonyesheni mwulizwaji kwamba jibu la kweli halitamletea hasara. Nanyi wanafunzi, mtu asiwaambie kwamba ushujaa ni kunyamaza. Kwenye njia ile ya Himalaya nilihitaji ushujaa wa neno moja tu, "Naumwa," nami sikuwa nao, na watu wawili walilipa kwa migongo yao usiku kucha.

Wakati wangu umekwisha. Nawauliza tena: hamjambo? Itikieni kama ilivyo desturi. Kisha, kama yuko miongoni mwenu aumwaye, na amwambie mwenziwe usiku huu, kabla ya kulala. Kwaherini.